Tulivyouingiza mtaro wa mtaa wetu kwenye bajeti, Mtwara

Mtaro wa kando ya barabara yetu hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani ulijaa mchanga karibu na ukingo, na mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia vyumbani mwa watu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa na nilikabidhiwa kulifuatilia suala hili mpaka mtaro ukazibuliwa. Naandika hatua zenyewe kwa sababu mitaa mingi ina hoja nzito, ila karatasi zake hazifiki panapohusika.

Barua nyingi hukwama kwenye swali la mtaro ni wa nani. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mtaro wa pembeni hufuata barabara yake. Taka zinazotupwa humo ni suala la manispaa, na letu wakazi. Ukiyachanganya yote kwenye barua moja, kila ofisi itaona inamhusu mwenzake. Tuliandika mbili.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni vipimo. Tulipima kwa tepu: urefu mita 180, upana sentimita 60, kina sentimita 60, na mchanga umejaa sentimita 45 kwa wastani. Hiyo ni karibu mita za ujazo 49. Mchanga ukichimbuliwa huvimba kama robo hivi, kwa hiyo wa kubeba ni kama mita za ujazo 60, sawa na karibu safari 12 za tipa la mita za ujazo 5. Kisha fundi ujenzi wa hapa mtaani akapima mteremko kwa mpira wa maji, ule wanaotumia kusawazisha msingi. Mtaro unashuka sentimita 90 toka mwanzo hadi mwisho, yaani nusu sentimita kwa kila mita, unatosha. Tatizo lilikuwa kalavati la mwisho, limeziba zaidi ya nusu. Maji yakigota pale yanapoteza kasi, na udongo wetu huu wa kichanga unatua nyuma yake.

Vipimo hivyo vilibadilisha ombi lenyewe. Watu kwenye mkutano walitaka tuombe mtaro mpya wa zege. Kazi za TARURA hupangwa kwa mafungu: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, sehemu korofi, madaraja na makalavati, mbali na ujenzi mpya. Ukiomba zege unaingia kwenye foleni ya fedha kubwa. Kuzibua na kuondoa mchanga ni matengenezo ya kawaida, na tuliandika maneno hayohayo kwenye barua.

Kalenda nayo ina mtego wake huku kwetu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele huanza kukusanywa miezi mingi kabla, na makisio yanapitishwa na baraza la madiwani kabla ya Bunge la bajeti linaloanza Aprili. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ukisubiri mafuriko ndipo upige picha, orodha imeshafungwa. Piga picha Februari na Machi, zitunze hadi vikao vya bajeti ijayo. Kila picha tuliweka fito iliyochorwa rangi kila sentimita 10, kina cha maji kionekane bila ubishi. Mkutano wa mtaa tuliuita Septemba, Jumapili baada ya Alasiri, maana korosho zikishachanganya Oktoba nusu ya watu wako mashambani, na muhtasari wenye saini chache hauna uzito kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Muhtasari uliandikwa na mtendaji wa mtaa, ukapanda kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa kamati hiyo. Diwani ndiye mwenyekiti. Nakala ikaenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Usiondoke dirishani bila nakala yako kugongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na saini. Ukirudi kuuliza, unataja kumbukumbu namba na tarehe, na jalada linatafutwa.

Mheshimiwa diwani tulimpa nusu ukurasa tu: jina la barabara, vipimo, idadi ya nyumba zinazoingiwa maji. Baraza liko wazi kwa wananchi, unaweza kukaa ukasikiliza, ila wenye kuzungumza ni madiwani. Karatasi fupi husomwa. Ndefu hubaki kwenye begi.

Kazi yenyewe isimamieni. Mchanga uliochimbuliwa ukiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha wote. Kwenye barua tuliomba usombwe ndani ya siku mbili, na kalavati lisafishwe kwanza kuanzia upande wa maji yanakotokea nje, ili yanayofuata yapate njia. Sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tunachomeka fito kwenye mdomo wa kalavati. Mchanga ukifika sentimita 15 tunautoa wenyewe kwa sepetu.