Jukwaa lililoinua mguu

Jukwaa letu la mabomba, la mafundi kusimamia kazini, lilikuwa na kitako cha mita 1.5 kila upande, na ukuta ulikuwa dhaifu mno kulifungia. Tukaweka viroba vya mchanga miguuni ili kulishikilia. Siku moja upepo ulivuma nikaona mguu mmoja unainuka: viroba viwili vilikuwa vimepasuka, mchanga umemwagika bila mtu kujua. Niliogopa sana, kwa kuwa mafundi walikuwa juu.

Niliwashusha, nikashika kalamu. Nilikadiria upepo unasukuma kama uzito wa kilo 40 kwenye kimo cha mita 3; nguvu ya kupindua ni kilo mara mita, yaani 120. Jukwaa lenyewe, kilo 120, hujishikilia kwa nusu ya kitako, mita 0.75: ni 90 tu. Kwa usalama nilitaka mara moja na nusu ya ile 120 ya upepo, yaani 180. Zilizopungua 90, gawanya kwa 0.75: kilo 120 za kuongeza, au 30 kila kona. Uzito wa watu sikuuhesabu. Wao hushuka, upepo hubaki.

Madumu ya maji niliyakataa, nayo huvuja. Nilimimina matofali ya zege ya sentimita 25 × 25 × 20, takriban kilo 30 kila moja, nikayafunga kwa klampu, yaani vibano, chini kabisa ya miguu. Mguu haujainuka tena.