Usiku ule na mzee wa Port Arthur

Mwaka 2016 nilikuwa nakaa Houston, nabeba boksi kama wabongo wengi wa pale, na boksi langu mimi lilikuwa kulea wazee majumbani, zamu ya usiku, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Mzee niliyekuwa namwangalia alishapigwa kiharusi, mkono na mguu wa kushoto haufanyi kazi, mzungu wa miaka 72 aliyezaliwa Port Arthur, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta kule karibu na Louisiana, kwa gari kutoka Houston kama saa moja na nusu hivi. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mafuta. Hana maneno mengi. Mimi ananiita kijana, ukimuuliza kitu anajibu kwa kidole.

Sasa mwezi wa tano stesheni ya TV ya PBS wakaonyesha dokumentari ya Janis Joplin, mwimbaji wa roki wa Marekani, ile ya Amy Berg, Janis: Little Girl Blue. Mimi huyo dada nilikuwa simjui hata kwa kusikia, muziki wangu ni Msondo na Sikinde, niulize habari za Gurumo nitakwambia. Nishamuogesha mzee, nishampa dawa, niko pembeni nakunja nguo zake, mara kwenye TV ikaanza sauti nikafikiri kuna mtu anachinjwa. Kumbe anaimba! Ni kwenye tamasha la muziki la Monterey, California, Juni 1967, kasimama na bendi ya Big Brother anapiga miguu chini kama mtoto aliyenyimwa kitu, na pale kwa watazamaji kuna Mama Cass, naye mwimbaji, kaachama mdomo. Nikamkumbuka Bi Kidude. Sauti imekwaruzwa na sigara, hajali nani anamtazama, kinywaji hakifichi. Ila Bi Kidude alizeeka mpaka watu wakabishana umri wake, huyu alikufa na miaka 27.

Mule ndani zinasomwa barua alizokuwa anawaandikia wazazi wake. Mwaka 1966 kaondoka Texas kaenda San Francisco na anawaandikia kwa woga, anajua atawaumiza, anajitetea weee. Hapo nguo nikaziweka chini. Maana mama yangu yuko Morogoro na anavyojua yeye mimi niko ofisi ya hospitali, nina meza.

Basi ikafika habari za shule. Huyo binti kule Port Arthur alikuwa anasema wazi kwamba weusi na wazungu wasome pamoja, na wakati huo na mji ule hiyo ilikuwa ni kujitafutia matatizo, wenzake wakamtukana kwa kumuita mpenda weusi, wakamcheka sura, wakamcheka chunusi. Alipokuja kwenda chuo Austin wakampendekeza kwenye shindano la mwanaume mwenye sura mbaya kuliko wote chuoni, yeye mwanamke! Mzee akanyanyua ule mkono mzima. Simamisha. Nikabonyeza rimoti.

"Mimi nilikuwepo," akasema.

Nikafikiri anamaanisha Monterey. Akasema hapana, shuleni, darasa moja nyuma yake. Afu akakaa kimya mpaka TV ikataka kujizima yenyewe.

"Akipita koridoni tulikuwa tunamrushia senti."

Mimi nimeshika chupi yake mkononi, mtu mweusi, saa nne usiku, kwenye nyumba ya mzungu wa Texas. Ukiniuliza nilijisikiaje sina jibu zuri, nadhani nilijisikia kuchoka. Nikamuuliza mlikuwa mnamrushia kwa nini. Akasema, kila mtu alikuwa anarusha. Hakuniangalia, na mimi sikumlazimisha, kesho tena nitamuogesha.

Tukaendelea. Wakaonyesha Agosti 1970 aliporudi nyumbani kwenye mkutano wa waliomaliza naye 1960, kavaa manyoya kichwani na miwani mikubwa ya rangi, staa wa dunia, waandishi wakamuuliza kama enzi zile kuna mtu alimwalika kwenye dansi ya kumaliza shule. Hakuna aliyemwalika. Kabla ya hapo alishamwambia mtangazaji Dick Cavett kwenye TV kwamba hao wenzake walimcheka mpaka akatoka darasani, akatoka mjini, akatoka na jimboni, sasa mimi nilishindwa kuelewa alirudi kufanya nini, ila nadhani ningerudi na mimi, tena kwa gari la kukodi. Mzee akasema wiki ile yeye alikuwa zamu kiwandani. Sikuwa nimemuuliza.

Kufa alikufa Oktoba 4 mwaka huohuo, hotelini Hollywood, heroini, yuko peke yake. Kuna jamaa anaitwa David Niehaus, walipendana Brazil mapema mwaka ule, alikuwa amemtumia telegramu na ikabaki palepale mapokezi, haikumfikia. Album ya Pearl ikatoka Januari 1971, wimbo wake Me and Bobby McGee ukapanda namba moja Marekani, majivu yake yameshamwagwa baharini. Kwenye album hiyo kuna ule wa Mercedes Benz anaimba bila chombo chochote, aliurekodi siku tatu kabla ya kufa. Mzee akaniambia ule wote kiwandani waliujua. Walikuwa wanauimba wakibadilishana zamu.

"Na wewe?"

Akanyoosha kidole: na mimi.

Saa tisa usiku nikaingia kumgeuza ubavu asipate vidonda, nikamkuta yuko macho. Akaniomba nimrudishie pale Monterey, sauti ya chini maana mkewe amelala chumba cha pili. Nikamrudishia mara mbili. Asubuhi kwenye fomu ya makabidhiano nikaandika mgonjwa amelala vizuri, mkojo kawaida.