Nilivyozuia floridi kwenye tanuru la chuma

Vioo vya madirisha karibu na tanuru vilianza kufifia kama vimepigwa msasa. Wenzangu walisema ni vumbi. Mimi niliogopa: floridi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, hula kioo, na vijana wetu walikuwa wakiivuta.

Chanzo kilikuwa florispa, jiwe lenye kalisi na florini, tunayoitia tanuruni ili mavi ya chuma, yaani taka zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, yatiririke kwa urahisi. Tuliihifadhi nje, ikinyeshewa. Kwenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi, unyevu huigeuza kuwa gesi hiyo.

Nikaihamishia ndani, tukaikausha na kupunguza kipimo. Kisha tukapuliza unga wa chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) ndani ya bomba la moshi, kabla ya mifuko ya kuchujia. Chokaa hunasa floridi, ikarudi kuwa florispa ileile. Vioo vipya havijafifia tena.