Akela, sizenye, fulari: nilivyoielewa lugha ya skauti ya mwanangu hapa Bukavu

Ujumbe wa kwanza ulioingia kwenye simu yangu baada ya kumwandikisha kijana wangu kwa maskauti ulikuwa huu: "Luveto wote, kesho saa nane uwanjani. Fulari na kamba. Masizenye waje mbele, kuko kazi na Akela. Wa promesi wanabaki kwa veye. Na BA yenu!" Niliusoma nikiwa soko la Kadutu, mkono mmoja umeshika mfuko wa fretini, wale samaki wadogo. Nilichokamata ni saa na uwanja.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo skauti wanaishi sana kwenye parokia, kwenye makanisa na mashuleni, na maneno yao yaliletwa na Wabelgiji na Wafaransa. Watoto wameyachanganya na Kiswahili chetu mpaka yamekuwa yao. Viongozi wengi ni wanafunzi wa chuo waliokulia humo humo, kwa hiyo hawakumbuki kwamba kuna mtu asiyeyajua. Ukiuliza, unapewa karatasi. Mimi pia nilipewa, imejaa pande zote mbili: neno, nukta mbili, maana. Niliikunja nikaiweka kwenye droo. Karatasi ya namna hiyo inakuambia neno lina maana gani, haikuambii nani anamwambia nani.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja Akela, yaani kiongozi wa watoto wadogo, amalize kufunga mkutano, nikamuuliza swali moja tu: "Mwanangu akiumia, akipotea au akigombana na mwenzake, anaanza kumwambia nani?" Akanijibu bila kufikiri: "Sizenye wake, mama. Halafu mimi. Halafu chefu wa kundi." Sizenye, kumbe, ni mtoto anayeongoza kikundi chake kidogo. Hapo ndipo nilipopata pa kushikia. Nimewaambia wazazi wengi tangu siku ile: anzeni na watu, vitu vitajieleza vyenyewe.

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko wa hapa mjini. Siyo kila mtoto mwenye fulari, kile kitambaa cha shingoni, ni skauti. Kuna Xaveri, chama kilichozaliwa hapa hapa Bukavu kwa mkono wa Padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika. Kuna Kiro, ambacho asili yake ni Ubelgiji. Siku ya misa kubwa utawaona wote wamejipanga uwanja mmoja. Kila chama kina ahadi yake na vyeo vyake, na mama mmoja jirani yangu, ambaye watoto wake wote wamepita Kiro, alikuwa ananieleza kwa moyo wote mambo ambayo kwa skauti hayapo. Nilimshukuru, nikarudi kwa Akela.

Turudi kwa watu. Luveto ni wale wadogo, kwetu kuanzia miaka minane hivi mpaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Maana yake ni watoto wa mbwa mwitu. Wakikua wanakuwa eklereri, hao ndio skauti wenyewe wanaojulikana na watu, na baada ya hapo wanaingia ruti, vijana wakubwa wanaojifunza kutumikia watu na kujisimamia. Umri wa kuvuka unatofautiana kidogo kati ya kundi na kundi, kwa hiyo uliza kwenu. Wasichana wengine wako kwenye giidi, chama ambacho Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikianzisha mwaka 1910 pamoja na dada yake Agnes.

Luveto wote kwa pamoja wanaitwa mete, yaani kundi la mbwa mwitu. Ndani ya mete kuna masizeni: watoto sita kila moja, na kila sizeni ina rangi yake. Sizenye ndiye mkubwa wa hao sita, naye ana msaidizi. Wangu yuko sizeni ya njano. Tangu nijue hilo, ujumbe ukisema "wa njano walete sabuni", sina haja ya kumpigia mtu simu.

Hayo majina ya mbwa mwitu yalinipa kazi kidogo mtaani. Jirani yetu mmoja, mtu wa kanisa la uamsho, alimsikia mwanangu akilia uani kama mnyama, akanijia jioni kwa heshima zote: "Mama, yule mtoto mmemwombea?" Sikumlaumu. Mtu asiyejua chanzo chake ana haki ya kushtuka. Nilimweleza kwamba Baden-Powell alipotafuta namna ya kuwashika watoto wadogo wasiofikia umri wa skauti, aliazima hadithi ya Rudyard Kipling ya mwaka 1894, The Jungle Book, kuhusu Mowgli, mtoto wa India aliyelelewa na mbwa mwitu. Kitabu cha kuwaongozea watoto hao kikatoka mwaka 1916. Akela ni mkubwa wa kundi la mbwa mwitu katika hadithi hiyo. Baloo ni dubu anayewafundisha wadogo sheria. Bagheera ni chui mweusi. Ndiyo maana viongozi wa luveto wanabeba majina hayo. Akela wetu ni msichana anayesomea uuguzi, ana sauti inayofika barabarani, na Baloo wetu ni kijana mwembamba kabisa, jambo ambalo watoto hawachoki kulicheka.

Kile kilio chenyewe ni salamu. Watoto wanachuchumaa kwa duara, mikono chini, wanamwambia Akela kwa sauti moja kwamba watafanya vizuri kadiri wanavyoweza, kisha wanaruka juu. Nilimwalika jirani aje aone kwa macho yake. Alikuja, akasimama pembeni mikono mgongoni, na alipoondoka aliuliza kama wanapokea na wasio wa parokia.

Kwa eklereri mpango ni ule ule lakini wenye uzito zaidi. Badala ya sizeni kuna patruyi, vijana sita mpaka wanane wenye jina la mnyama, bendera yao na kona yao uwanjani. Anayewaongoza anaitwa CP, chefu wa patruyi, naye anaweza kuwa kijana wa miaka kumi na minne. Wazazi wapya hawalipendi hili. Wanataka mtu mzima awe juu ya kila kitu. Mimi nadhani hapa ndipo skauti ilipo, na fulari na nyimbo ni mapambo. Baden-Powell alipofanya kambi yake ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa nane 1907, aliwagawa wavulana katika vikundi vidogo na kila kikundi akakipa kiongozi wa rika lao. Mtoto wa dada yangu ni CP. Nyumbani ukimtuma unga utangoja mpaka usahau, lakini patruyi yake ikiwa na zamu ya kupika, yeye ndiye anahesabu makaa, mafuta na sahani, na anajua nani hali samaki. Ukimruka ukampigia chefu mkubwa kuuliza habari za mtoto wako, umemnyang'anya kazi yake. Jambo la usalama au afya ni tofauti. Hilo linaenda kwa mtu mzima moja kwa moja, na mzazi asione haya.

Promesi ni ahadi, na hapo ndipo mtoto anapopewa fulari rasmi. Kabla yake anahudhuria tu, anafundishwa, anaangaliwa. Ya mwanangu ilifanyika kwenye veye, mkesha wa moto jioni, wenye nyimbo na michezo ya kuigiza. Walimwita mbele ya bendera akanyosha mkono wa kulia, vidole viwili vimesimama kama masikio ya mbwa mwitu. Eklereri wananyosha vitatu, na kwetu wanafundishwa kwamba vidole hivyo ni sehemu tatu za ahadi: kwa Mungu, kwa wengine, kwa nafsi yako. Kidole gumba kinalala juu ya kile kidogo, mkubwa anamlinda mdogo. Akela akamvika fulari, akaikaza kwa kile kipete cha ngozi, akampa mkono wa kushoto.

Mkono wa kushoto! Bibi yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, akanigeukia. Mtoto alipomjia naye akiwa bado na furaha yake, mkono wa kushoto mbele, bibi aliuangalia ule mkono kama haupo. "Unanisalimia na mkono gani, wewe?" Kwetu mkubwa hapewi kushoto, na sidhani skauti inatuomba tuliache hilo. Hadithi wanayowasimulia watoto ni kwamba shujaa hushika ngao kwa mkono wa kushoto, na akiuachilia kukusalimia, ameonyesha kwamba anakuamini. Hadithi nzuri. Tulipatana nyumbani hivi: kushoto kwa skauti mwenzako, kwa bibi mikono miwili na kuinama kidogo. Akela alipoambiwa alicheka, akasema hata kwao ni hivyo hivyo.

BA ni tendo jema, moja angalau kila siku, la bure, bila kujisifu. Kuna desturi ya zamani ya kufunga fundo kwenye ncha ya fulari asubuhi na kulifungua tendo likishafanyika. Wangu alilipenda sana fundo kuliko tendo, mpaka siku maji yalipokatika mtaani. Alimbebea mama mzee wa nyumba ya chini bidoni kutoka bombani, mlima wote ule, tena akarudia. Alirudi miguu imelowa, fundo limefunguka, akanyamaza. Mimi niliambiwa na mama mwenyewe.

Sasa totemu. Hili wazazi wengi wanaliogopa, na wana sababu. Kwenye skauti ya Kifaransa na Kibelgiji, eklereri aliyekaa muda hupewa jina la mnyama pamoja na sifa inayomfaa, na jina hilo wanaliitana wao kwa wao. Linapewa na wenzake waliomtazama kambini. Mahali pengine sherehe yenyewe iligeuka kuwa mateso: kulishwa vitu vichafu, kutishwa usiku, kufungwa macho na kusukumwa. Hayo siyo skauti. Luveto hawahusiki, lakini niliuliza mapema, tena mbele ya wazazi wengine: watu wazima gani watakuwepo, mtoto anaweza kukataa bila kuchekwa, na mzazi anaambiwa siku yenyewe? Chefu mzuri hajibu kwa hasira maswali hayo. Wetu alijibu moja moja. Angesema "ni siri ya skauti", ningemrudisha mtoto nyumbani siku ile ile.

Kambi ina maneno mengi lakini hayasumbui. Gameli ni sahani ya bati yenye kifuniko. Rasamblema ni kujipanga, na ukisikia firimbi kila mtu anakimbia. Frwasartaji ni kujenga meza, majiko na hata minara kwa miti na kamba bila msumari hata mmoja. Jina limetokana na Michel Froissart, skauti wa Ufaransa. Kwetu watoto wanatumia mikaratusi, na kamba wanazofungia ndizo zile ujumbe unazoomba zije. Nunua ya katani, mita tatu hivi. Ya nailoni inateleza na fundo halikai.

Kuna pia alama za njia, ambazo mwanangu aliniwekea kwa mawe kutoka mlangoni mpaka jikoni. Mshale, pita hapa. Msalaba, usipite. Duara lenye nukta katikati, nimemaliza, nimerudi nyumbani. Alama hiyo ya mwisho imechorwa kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefariki tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941 huko Nyeri, Kenya. Watoto wanaijua habari hiyo na wanaisimulia kila tarehe 22 mwezi wa pili, siku aliyozaliwa, ambapo utawaona maskauti wa mji huu barabarani na sare zao.

Kwa upande wa pesa, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: mchango wa mwaka, bei ya sare, na bei ya kambi. Kwetu viongozi walikubali tulipe kambi kidogo kidogo. Shati na kaptula nilimpa fundi wa Kadutu, nikamwachia sampuli ya mtoto wa jirani. Fulari usinunue mapema. Rangi yake ni ya kundi, na inatolewa siku ya promesi, siyo sokoni.

Mwaka huu mwanangu anavuka kwenda eklereri, nao wanaita monte, kupanda. Akela atamsindikiza mpaka kwenye mstari na CP mmoja atampokea upande wa pili. Ujumbe umeshafika: "Wa monte waje na wazazi, saa tisa, sare kamili, blanketi na gameli." Nimeomba ruhusa kazini, na dada yangu ndiye ataleta blanketi.