Bolton: kufuata namba za wino

Kutoka Manchester hadi Bolton treni haimalizi nusu saa. Makumbusho ya mji, yenye vitu vya Misri ya kale, yako Le Mans Crescent, jengo moja na maktaba, na kuingia ni bure. Tulianzia kwenye kitani, kitambaa walichozikiwa Wamisri wa kale.

Mji huu uliishi kwa kusokota pamba ya Misri, ndiyo maana hapa sanda zina heshima ambayo kwingine hupewa dhahabu. Ukiinama karibu na kipande kimoja chenye rangi ya chai, unaona nyuzi za mtande, zile za urefu, zimesongamana kuliko za mshindio, zinazokatiza. William Midgley, msimamizi wa makumbusho, na mwanawe Thomas walizichunguza nyuzi za aina hii kwa hadubini, na wachimbaji wa mambo ya kale wakachapisha matokeo yao.

Aliyevuta vitu hivi hadi hapa ni Annie Barlow, binti wa wenye viwanda vya pamba. Alikuwa katibu wa Bolton wa Egypt Exploration Fund, jumuiya ya Kiingereza ya kuchimbua mambo ya kale ya Misri, iliyoanzishwa 1882, na kazi yake ilikuwa kuchangisha. Kilichochimbuliwa kilipitia kwanza idara ya mambo ya kale ya Misri, ichague inachotaka. Kilichobaki kilifungwa kwenye makasha hadi London, kikagawiwa makumbusho yaliyochanga. Tusiupambe mgawo huo: nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na idara yenyewe ikiongozwa na Wafaransa.

Tena mgawo ulitawanya vitu vya kaburi moja. Chungu huku, shanga zake mji mwingine. Kinachoviunganisha ni namba ya wino aliyoiandika mchimbaji, mara nyingi herufi za mahali na namba ya kaburi. Namba hiyo hupotea kirahisi. Chungu kilichokaa kwenye udongo wa Misri kimenyonya chumvi; hewa ya unyevu ya Uingereza ikipanda na kushuka, chumvi huyeyuka, kisha huganda chini ya ngozi ya chungu na kuibandua, wino ukiondoka nayo.

Mwaka 2003 Bolton ilinunua sanamu ya binti mfalme wa Amarna, mji wa kale wa Misri, kwa pauni 440,000. Ilikuja na katalogi halisi ya mnada wa 1892, yenye maelezo mapana yanayoweza kufaa sanamu nyingi. Namba ya mchimbaji haikuwa nayo. Mwaka 2006 ikajulikana ni ya bandia, imechongwa papa hapa Bolton.

Kwa hiyo ukifika, usiishie kwenye nyuso za majeneza. Tafuta vyungu, uangalie ubavuni na kitakoni, palipoandikwa kwa mkono.