Betri kuvimba sio kudukuliwa jamani

Leo kwa fundi simu hapa Moshi, karibu na stendi, kuna mzee kang'ang'ana kwamba simu yake inasikilizwa na serikali kisa chaji inaisha haraka, fundi akafungua mfuniko, betri imevimba hadi imesukuma kioo 😂 nikacheka ila nikajua mzee hajatoa hofu yake hewani. Ile Pegasus, programu ya kupeleleza simu ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, wanawauzia serikali na vyombo vyao vya usalama, na 2019 ilipitia kwenye kupiga simu ya WhatsApp, yani unapigiwa, hata usipopokea imo ndani, simu kama 1,400 ziliguswa na wamo waandishi na wanaharakati. WhatsApp wakaenda mahakamani mwaka huohuo. Watu wanasema aah meseji zangu zimefungwa kwa msimbo hakuna wa kuzisoma, sawa, zimefungwa njiani, ila huyu mpelelezi yupo ndani ya simu anasoma na wewe, maiki anawasha akitaka. Na hailii wala haichemki ujue kitu (hapo ndo mzee alipokosea). Mimi nimeapdeti simu nzima kuziba mianya kama hiyo, bando la wiki limekwisha lote, nani ananirushia MB?