Mlimani Breki, Nyikani Upepo: Dar hadi Natron Kabla ya Vuli

Kipupwe kikiisha na vuli ikiwa bado haijapiga hodi, kuna wiki kama tano ambazo njia ya kutoka Dar kupitia Lushoto hadi Ziwa Natron inapitika vizuri kuliko wakati wowote wa mwaka: katikati ya Septemba hadi takriban Oktoba 20. Ukienda Julai, Lushoto ni ukungu na baridi ya sweta mbili, na mandhari ya kutoka ukingo wa Irente huyaoni. Ukichelewa hadi Novemba, matone ya kwanza yanaugeuza udongo mwekundu wa Usambara kuwa sabuni, na mito mikavu ya upande wa Natron inaweza kushuka na maji yaliyonyesha juu ya ukingo wa Bonde la Ufa huku kichwani kwako jua linawaka.

Njia yenyewe: Dar, Msata, Segera, Mombo, kupanda Lushoto, kurudi Mombo, Same, Moshi, Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero (kijiji kilicho kando ya Natron). Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,800. Panga siku nane. Wanaoibana ndani ya siku tano wanaona lami tu, na picha mbili za heroe (flamingo) kwa mbali.

Ugumu wake hauko kwenye umbali. Gari moja linapewa mitihani miwili isiyofanana. Mlima unajaribu breki na mfumo wa kupoza injini. Nyika inajaribu tairi, shokapu na eya klina. Gari "lililopigwa sevisi" kwa maana ya kumwaga oili na kubadilisha filta bado halijajiandaa kwa mtihani hata mmoja.

Peleka gereji wiki mbili kabla, si siku mbili. Kifaa kipya kikiwa na kasoro kitakufia Mwenge, ambako fundi yupo na Kariakoo ni jirani, badala ya kukufia Selela, huko njia ya Natron. Anza na mafuta ya breki, kitu ambacho wengi hawajawahi kukibadilisha tangu gari litoke bandarini. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. DOT 4 mapya ni 230, na yakiwa yamechoka ni 155. Yakichemka kwenye mteremko yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama puto, na pedeli inakwenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Badilisha kila miaka miwili. Pedi zikibaki chini ya milimita 4, usisubiri zikwanguke.

Kwenye rejeta, tazama kifuniko. Mpira wake ukichanika, mfumo haushiki presha, na bila presha maji yanachemka mapema zaidi, hasa ukipanda juu ambako hewa ni nyepesi. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoua injini za bei kubwa. Weka koolanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Na sindano ya joto ikipanda, simama, fungua boneti, subiri dakika 30 au zaidi. Kufungua kifuniko cha rejeta ya moto ni kujimwagia maji ya moto usoni, na bado kuna watu wanafanya hivyo kila wiki.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Pembeni mwa tairi tafuta neno DOT (si lile la mafuta ya breki) na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata (meno) nene inayovutia macho huku mpira umeshakauka. Pinda ukuta wa tairi kwa kidole gumba, ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino kisichopakwa mafuta, iache hapo hapo dukani. Kwa Natron beba spea mbili. Moja haitoshi, kwa sababu miba ya migunga na mawe ya volkano havikupi zamu ya kupumzika. Ongeza kamba za kuzibia tairi za tyublesi, pampu inayobana moja kwa moja kwenye betri (zile za kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara hukata fyuzi), geji ya upepo ya kwako mwenyewe, jeki na kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30 cha kuiwekea chini, maana jeki ikisimama juu ya mchanga inazama yenyewe badala ya kunyanyua gari.

Ondoka saa kumi alfajiri. Anayekaa Tegeta, Mbezi Beach au Bunju asihangaike na Kibaha na Chalinze. Apite Bagamoyo halafu barabara ya Msata, kilomita 64 za lami zenye malori machache, aingie barabara kuu ya Segera pale Msata. Mbele kuna daraja la Wami. Jipya limeanza kutumika 2022, na ile foleni ya kupishana kwenye daraja jembamba la zamani imebaki hadithi. Toka hapo hadi Same tatizo ni vijiji: alama ya 50 inaanza kabla hujaona nyumba, na askari wa usalama barabarani huwa mwisho wa kijiji, pale mguu unapokuwa umeshaanza kurudi kwenye mafuta. Ukiona matawi mabichi yametupwa barabarani, punguza mwendo mara moja. Hiyo ndiyo pembetatu ya wasio na pembetatu: kuna lori limeharibika baada ya kona. Wewe beba pembetatu zako mbili na mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe yake haijapita.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini unapanda karibu mita 1,000, kutoka joto la mkonge hadi mji ulio kwenye mita 1,400 hivi. Lami ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo la Soni. Basi linapokuja huja katikati. Piga honi kabla ya kila kona usiyoiona mwisho, na ukisikia honi ya mwenzako, sogea na usubiri. Kupanda hakuna shida ukizima kiyoyozi pale sindano inapoanza kusogea.

Kushuka ndiko kunakoharibu. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori haijapitwa na wakati: shuka na gia uliyopandia. Kwenye otomatiki toa D, weka 2, au S, au L kulingana na gari, injini ilie mizunguko 3,000 na usiione huruma. Breki unaikanyaga kwa nguvu kidogo kabla ya kona, unaiachia kabisa, inapumua. Mguu unaolala juu ya pedeli kuanzia Lushoto hadi Mombo ndio unaochemsha mafuta. Ukisikia harufu kama ya nywele zinazoungua, au pedeli imekuwa laini, tafuta pa kuegesha, weka P au gia ya kwanza, jiwe nyuma na mbele ya tairi, kaa nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Na ukiondoka, jiwe uondoke nalo barabarani. Jiwe linalopasua tairi la mtu usiku kwenye mlima ule huenda liliwekwa na mtu aliyepata msaada akasahau.

Ukiwa Lushoto lala siku mbili, siku ya pili nenda Mtae. Ni vumbi na mawe kwa saa mbili hadi tatu, utapita msitu wa Magamba, na mwisho ardhi inakatika ghafla: chini kuna nyika ya Mkomazi, ng'ambo milima ya Upare. Mvua ikinyesha usiku, subiri hadi saa tano jua likaushe njia.

Same, Mwanga, Himo, Moshi, Arusha: lami, hakuna la kusimulia. Jaza mafuta Arusha, kisha jaza tena Mto wa Mbu hata kama gari limekunywa lita 12 tu. Hesabu ni hii. Mto wa Mbu hadi Ngare Sero ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240, na mizunguko ya ziwani na mlima wa volkano wa Lengai weka 60: jumla 300. Gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita kwenye lami, huko lipe 5.5, kwa sababu ya gia ndogo, mchanga na fo-wili. Unahitaji lita 55. Prado yenye tangi la lita 87 inatosha. RAV4 ya tangi la lita 60 inatosha kwenye karatasi tu; iongezee dumu la chuma la lita 20, lifungwe juu ya keria, lisikae ndani na watu.

Lami ikishaisha kwenye njia ya Selela na Engaruka, simama. Hapa ndipo watu wanaoharakisha wanapoteza tairi. Gari lenye mzigo lilikuwa na upepo wa 34 (psi) kwenye lami. Shusha hadi 26, tairi zikiwa zimepoa. Tairi inalainika, inalifunika jiwe badala ya kulipiga, na barabara yenye mikunjo kama ya bati inaacha kukutoa meno. Mwendo kilomita 40 kwa saa. Wapo wanaosema ukifika 70 gari linaelea juu ya mikunjo na unastarehe. Ni kweli linaelea, na kitu kinachoelea hakina breki wala usukani, na ng'ombe wa Wamasai hawatoi taarifa. Kila kilomita 30 pumzika dakika kumi. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na shokapu bila kuigusa. Ikiwa moto umepitiliza, au ina mchirizi wa oili, punguza mwendo zaidi. Wakati huohuo kaza vichwa vya betri, boliti za keria na nati za magurudumu. Mtikisiko hulegeza vyote hivyo.

Vumbi la huku ni jivu la volkano, laini kama unga wa sembe. Acha angalau mita 100 nyuma ya gari la mbele. Funga vioo, weka feni namba mbili ikivuta hewa ya nje. Ukiizungusha hewa ya ndani, vumbi linanyonywa kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye mchele. Jioni toa eya klina, puliza kwa pampu kutoka ndani kwenda nje. Ile ya karatasi usiioshe kamwe.

Mto mkavu wa mchanga uvuke kwa miguu kwanza. Kisigino kikizama hadi kwenye kifundo, shusha upepo hadi 18, weka fo-wili kabla ya kuingia, gia ya pili, mafuta ya kadiri, na usisimame katikati wala kukata kona kali, tairi itachomoka kwenye rimu. Gari likianza kuzama, toa mguu mara moja. Kukanyaga mafuta kwa hasira kunachimba kaburi: sekunde tano, na tumbo la gari limelala mchangani. Rudi nyuma kwa nyayo zako zilezile, zimeshashindiliwa. Ikishindikana, ondoa mchanga mbele ya kila tairi uwe mteremko mpole, shusha hadi 15, tandika mazulia ya gari chini ya tairi zinazosukuma, watu wote washuke. Ukitoka, jaza upepo tena. Tairi ya 18 kwenye barabara ngumu kwa mwendo wa 80 inachemka na kupasuka.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku, na lita 20 za akiba ambazo haziguswi. Oktoba Ngare Sero, iliyo chini kabisa ya bonde, huvuka nyuzi joto 35 mchana bila jitihada. Maji ya magadi usiyaweke kwenye rejeta. Njiani unaweza kukutana na mageti ya ushuru. Dai risiti kila geti na uzitunze, unaweza kuulizwa wakati wa kurudi. Pakua ramani ukiwa Arusha, maana mtandao hukatika, na mwachie mtu wa nyumbani siku na saa unayotegemea kurudi Mto wa Mbu. Usiende kwenye ufukwe wa Natron kwa gari bila mwenyeji: ganda jeupe linaonekana kama sakafu, chini yake ni tope la magadi, na hakuna gari la pili la kukuvuta.

Kurudi, pale lami inapoanzia, rudisha 34 kabla ya kitu kingine chochote. Ukifika Dar, gari lioshwe chini kwa maji ya presha siku hiyohiyo: springi, chesisi, ndani ya madigadi, soketi za taa. Magadi yakikutana na unyevu wa pwani yanakula chuma na nyaya kwa pamoja, na taa ya ABS (mfumo wa breki) itakuwakia miezi miwili baadaye, fundi akitafuta tatizo lililoanzia Ngare Sero.